Nyota inayotembea si ndeke ya walozi

Ndugu msomaji, wewe unayekaa Kolwezi ao Likasi, labda taa za mji zinakuficha nyota. Huku kwetu Kirungu, mlimani juu ya ziwa Tanganyika, giza ni giza kweli. Ukikaa inje jioni, utaona nyota moja inaacha wenzake na kutembea polepole, bila sauti.

Nyota hiyo inaleta maneno. Jioni moja watoto wa mtaa wetu walipiga kelele: "Ndeke ya walozi!" Mara moja mtu mzima akaanza kutafuta inashuka kwa nyumba ya nani. Unajua maneno kama hayo yanaishia wapi. Bibi mzee anayekaa peke yake ndiye anaonyeshwa kidole. Ndiyo sababu ninakuandikia.

Kitu kile ni sateliti, chombo kilichotengenezwa na watu. Ya kwanza, Sputnik, ilirushwa na Umoja wa Kisovieti tarehe 4 Oktoba 1957. Tunaiona sateliti kwa sababu ya mwangaza wa jua. Umekwisha kuona jioni namna bonde linaingia giza, na kilele cha mlima kingali na jua? Ni vile vile. Sisi jua limetuacha, lakini kule juu lingali linaipiga. Ikiingia katika kivuli cha dunia, inazimika. Kwetu nyingi zinazimikia upande wa ziwa, mashariki, kama mtu amepuliza taa. Haikushuka kwa nyumba ya mtu.

Ile kubwa kupita zote ni stesheni ya kimataifa, ISS. Inapita kilometa karibu 400 juu yetu, inazunguka dunia yote kwa dakika karibu 90, na tangu Novemba 2000 haijakosa watu ndani. Tena, tangu Mei 2019 kuna sateliti za Starlink. Siku za kwanza kisha kurushwa zinafuatana msitari mmoja kama shanga. Zimestusha watu hata Ulaya.

Usifikiri ni mambo ya wageni tu. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, sateliti ya Waamerika ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi. Ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Na hapa kwetu, juu ya mto Luvua, kampuni ya Wajerumani OTRAG ilirusha roketi tatu mwaka 1977 na 1978. Yalikuwa majaribio, hakuna iliyopeleka sateliti, na mwaka 1979 kazi ilisimamishwa. Ulozi hauna tarehe wala kampuni. Vitu hivi vinavyo.

Basi kijana, chukua daftari. Nusu saa kisha jua kushuka, toka inje, ungoje macho yazoee giza. Taa inayowaka na kuzima, pamoja na sauti: ni ndeke ya kweli. Mwanga unaopita kwa kufumba na kufumbua: ni kimondo. Mwendo uliotulia wa dakika chache: ni sateliti. Andika saa, imetoka wapi, imezimikia wapi. Fanya hivyo kila jioni yenye mbingu safi.

Na siku mtu akianza kutaja jina la bibi fulani, usibishane naye kwa makelele. Mfungulie daftari, kisha mwite mkae inje pamoja, aone mwenyewe.