Tendegu la Nne: Safari Yetu ya Bamburi



Wasomaji wetu watukufu, juma lililopita tulisafiri hadi Bamburi kutafuta kipande cha mti chenye urefu wa futi mbili. Safari yenyewe ni fupi, lakini tulirudi na mengi kuliko tuliyoyaendea.

Asili yake ni hii. Kijana wetu anaoa mfunguo mosi, inshallah, nasi tulikuwa tukimtengenezea chumba. Tukasikia kwamba huko Bamburi kuna nyumba inayouza kitanda cha mvule chenye matendegu ya kukereza, vile vya zamani. Tulikikuta kimefunguliwa na kufungwa kamba, tukakipenda, tukalipa shilingi 14,000, tukakipakia. Nyumbani tulipokata kamba tukahesabu: mifumbati miwili, vitakizo viwili, chaga kumi na moja, matendegu matatu. La nne halikuwamo.

Hatutaficha kwamba tulikasirika, na asubuhi yake tulitoka na maneno makali moyoni. Sheria tulikuwa nayo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa pwani, mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwako tangu kwa muuzaji, ana hiari ya kukirudisha kitu na kupewa pesa zake, au kukiridhia kwa bei ile ile. Akitaka kukirudisha, asikawie. Nasi hatukukawia.

Tulipiga hodi. “Starehe, Sheikh,” akaitika mwenye nyumba, mama mtu mzima aliyetoka eda karibuni. Tulipomweleza, alinyamaza kitambo, kisha akamtuma mjukuu wake atazame bandani. Mtoto akarudi mikono mitupu.

“Wallahi, Sheikh, sikujua,” akasema. “Kilikuwa bandani tangu tulipohamia hapa, wala hakuna aliyekifungua. Kirudisheni, nami nitatafuta pesa zenu.”

Tulimuuliza atazitafuta wapi. Akatuambia zile zetu zilikwisha kwenda kwa mwenye duka aliyekuwa akimdai marehemu. Watoto wake wote walikuwa wameafikiana kitanda kiuzwe ili baba yao atuliwe mzigo huo. Mama huyu alifanya lililo haki, kwani deni la maiti hutangulia mirathi. Sisi tuliokwenda kudai tukajiona wadogo. Tukamwambia, “Bi mkubwa, kitanda tumekiridhia.” Tukaaga, tukashika njia, na tendegu la mfano tumelikumbatia kwapani.

Barabara iendayo Malindi, ukishapita Bombolulu, ni soko la samani la wazi. Chini ya miarobaini mafundi wamepanga makochi yaliyofunikwa plastiki, makabati, meza na vitanda, na randa zinalia toka asubuhi hadi magharibi. Ng'ambo kinaonekana kiwanda cha saruji, kilichoanza kazi mwaka 1954. Wasomaji wetu wa umri wetu watakumbuka machimbo yake yalivyokuwa: jangwa la mawe ya matumbawe. Mwaka 1971 bwana René Haller alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26, zikakubali tatu tu, na mvinje ndio uliotangulia kuleta kivuli. Leo ni msitu, na familia zetu huwapeleka watoto humo siku za sikukuu kuwatazama twiga na viboko.

Muuzaji wa kwanza alitutolea tendegu lililo tayari, la mbao laini, limepakwa vanishi likang'aa. Tulipolisimamisha kando ya letu, lilipungua vidole viwili. Wa pili alikuwa na dawa nyepesi zaidi: alikuwa na kitanda kingine cha mvule, cha mteja aliyekileta kutengenezwa. Angetung'olea tendegu moja, na huyo mteja “angefanyiwa maarifa.” Tukamshukuru, tukaondoka. Vipi tuzibe tundu letu kwa kutoboa la mwenzetu?

Wa tatu, upande wa Bamburi Mwisho, alikuwa mkerezaji. Hakuanza na bei, alianza na kulipokea tendegu letu. Akalipapasa, akalipima kila shingo na kila tumbo, akachora umbo lake juu ya kadibodi. Tukamuuliza kama mvinje ungefaa, maana umejaa hapo jirani. Akacheka. “Mvinje ni mgumu na mzito, Sheikh, lakini ukikauka hupasuka. Huo ni wa nguzo na kuni.” Akatoa fremu ya mlango wa zamani, ya mvule. “Mti mzee umekwisha kujikunja. Hautawageuka.” Tukaafikiana shilingi 1,800 na siku tatu.

Siku ya tatu tulikuta tendegu tayari, na matundu yake mawili yamechongwa kwa patasi, moja la ulimi wa mfumbati na moja la ulimi wa kitakizo. Ndimi ziliingia bila kulazimishwa. Kitanda kikasimama, hakitikisiki.

Ndugu zetu, hasa kina mama ambao ndio wanunuzi wa vyombo vya nyumba: kitu kilichotumika kiungeni pale pale kwa muuzaji kabla ya kulipa. Hesabuni vipande, fungueni kila mtoto wa meza, ulizeni funguo na skrubu. Sisi hatukufanya hivyo, na sehemu ya lawama ni yetu. Nanyi mkiuza, semeni kilichopungua hata kama hamkuulizwa. Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, alipita sokoni, akatia mkono katika rundo la chakula, akakuta chini kuna umajimaji. Akamuuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wauone.

Tendegu jipya ni jekundu kidogo kuliko wenziwe. Fundi alitaka kulipaka rangi lifanane, tukamkataza. Tumemwambia kijana wetu: siku moja ukikiuza kitanda hiki, mwonyeshe mnunuzi tendegu hili kabla hajatoa pesa.

Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu, ampe subira mjane wake, na azitie baraka nyumba zenu. Wabillahi tawfiq.