Bugoye: Safari Fupi, Kofia Ifungwe

Mji wa Kasese, magharibi ya Uganda, umekaa katika tambarare ya joto chini ya Milima ya Rwenzori, karibu sana na mstari wa Ikweta. Reli kutoka Kampala iliufikia mwaka 1956 ili ichukue shaba ya Kilembe. Uchimbaji wa shaba ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1980, na garimoshi la abiria nalo limekwisha kutoweka. Siku hizi msafiri anayekwenda vijijini huelekea kwenye steji ya pikipiki, akapatana nauli, akapanda nyuma ya dereva, na safari ikaanza.

Bugoye si mbali. Barabara kuu ya Fort Portal hufuata mguu wa mlima kuelekea kaskazini, na baada ya kilomita zipatazo 10 msafiri huiacha, akageuka upande wa mlimani na kuanza kupanda. Hewa hupoa kidogo kidogo. Migomba, mibuni na mashamba ya maharage ya Wakonzo hutanda miteremkoni, na sauti ya mto Mubuku husikika bondeni. Mto huo, unaotoka kwenye vilele vyenye barafu, ndio unaoendesha mitambo ya umeme ya Bugoye, yenye uwezo wa megawati 13, iliyoanza kazi mwaka 2009. Mbele zaidi ni Nyakalengija, kwenye kimo cha mita zipatazo 1,600, ambako wageni kutoka pande zote za dunia huziacha pikipiki na magari, wakaingia kwa miguu katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori. Kilele kirefu kuliko vyote huko, Margherita, kina mita 5,109.

Njia hii yenye kupendeza ina hatari za namna mbalimbali. Katika barabara kuu pikipiki hushindana na malori na mabasi yaendayo kasi. Baada ya kuacha barabara kuu huja kona na miinuko, na wakati wa kurudi kuna mteremko unaoongeza mwendo hata kama dereva hakupenda. Katika vijia vya vitongojini kuna kokoto zinazoteleza, na masika yakifika kuna tope. Mbuzi, watoto watokao shule na baiskeli zilizopakia mikungu ya ndizi hutumia njia hiyo hiyo.

Sheria za barabarani za Uganda zinamtaka dereva wa pikipiki na abiria wake wote wawili wavae kofia ngumu, ambayo wengi huiita helmeti. Walakini si ajabu kuona helmeti imening'inizwa kwenye kioo cha pembeni, imevishwa mkononi kama kikapu, au imewekwa juu ya kichwa huku ukanda wake ukipepea. Ukiuliza sababu, utaambiwa kwamba joto ni kali, kwamba safari ni fupi, na kwamba njia hii inajulikana kwa kila jiwe. Asiye na sababu nyingine husema: "Ajali haina kinga."

Methali hiyo ni ya kweli, lakini hutumiwa vibaya. Inafundisha kwamba hakuna ajuaye saa wala mahali pa ajali. Haikusema kwamba kichwa nacho hakina kinga. Tena, kama hakuna ajuaye mahali, basi kilomita mbili za kwenda sokoni zina haki ya kofia sawasawa na safari ya kwenda Bwera, kule mpakani mwa Kongo. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 katika sekunde moja. Mbuzi akikatiza mbele, hapana nafasi ya kuitoa helmeti kwenye kioo na kuivaa.

Katika wilaya ya Kasese kofia ngumu si kitu kigeni, kwani kizazi kizima kilizoea kuwaona wachimba shaba wa Kilembe wamezivaa. Lakini kofia ya mgodini au ya wajenzi isichukuliwe kuwa ni ile ile ya pikipiki. Ile ilitengenezwa imkinge mtu aliyesimama dhidi ya jiwe linalodondoka kutoka juu. Mwenye pikipiki yeye ndiye anayerushwa, akaangukia ubavu, kisogo au paji la uso. Kofia ya mgodini itamtoka kabla hajafika chini.

Helmeti halisi ina sehemu nne. Nje ni ganda gumu, ambalo hueneza pigo lisikusanyike mahali pamoja. Ndani yake ni tabaka nene la plastiki nyeupe ya mapovu, ya jamii ile ile inayozungushiwa redio na televisheni ndani ya maboksi. Hapo ndipo ilipo siri ya kofia yote. Kichwa kinapogonga chini, tabaka hilo hubonyea na kulimeza pigo, kama majani makavu ya mgomba yanavyoliokoa yai linaloanguka pamoja na kikapu. Sehemu ya tatu ni bitana laini inayogusa nywele, na ya nne ni ukanda wa kidevuni. Pasipo ukanda, hizo tatu huruka na kwenda zake.

Elimu hii ilipatikana kwa vifo. Mwaka 1935 T. E. Lawrence, Mwingereza aliyepata sifa katika vita vya Uarabuni, alianguka na pikipiki, akaumia kichwa na kufariki baada ya siku chache. Miongoni mwa waliomtibu alikuwamo daktari wa upasuaji wa ubongo, Hugh Cairns. Daktari huyo alichunguza ajali za waendesha pikipiki wa jeshi, na mwaka 1941 akatoa maandishi yaliyoonyesha faida ya helmeti. Uchunguzi umeendelea tangu hapo. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa katika ajali kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Faida hiyo humfikia aliyevaa sawasawa. Kwanza ni kipimo. Futi ya fundi cherehani izungushwe kichwani juu kidogo ya nyusi, kisha helmeti ichaguliwe kwa kipimo hicho. Ikiwa mpya yapasa ibane kidogo mashavuni bila kuumiza, na ukingo wake wa mbele ukae upana wa vidole viwili hivi juu ya nyusi. Ikisukumwa nyuma kama kofia ya sherehe, huliacha paji la uso wazi.

Pili ni ukanda. Upite chini ya kidevu, ubane kiasi cha kuacha nafasi ya kidole kimoja au viwili tu. Wenye pete mbili za chuma hupitishwa ndani ya zote mbili, kisha hurudishwa katikati yake na kuvutwa. Wenye bizimu ya kubana husikilizwa mpaka ulie. Kisha mvaaji aishike helmeti kwa nyuma na kuisukuma kuelekea mbele, kana kwamba anataka kuivua. Ikitoka, ni kubwa mno au haikufungwa vema. Kazi yote hii haichukui hata dakika moja.

Tatu ni ukaguzi wa kofia yenyewe, nao ufanyike mchana penye mwanga. Ganda litazamwe kama lina ufa, tabaka jeupe kama limebonyea au kumeguka, ukanda kama umechanika au unalegea pale ulipofungwa. Helmeti iliyokwisha kupata ajali haifai tena, hata kama nje inang'aa, kwa maana tabaka lililobonyea mara moja halirudi. Kwa sababu hiyo anayenunua ya mtumba hununua asichokijua. Kioo cha mbele kilichokwaruzika nacho kibadilishwe, kwani usiku taa za malori hukifanya kama ukungu.

Abiria asisahauliwe. Wengi hukataa helmeti ya steji kwa kuogopa jasho na chawa wa watu wengine. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni kitambaa chepesi cha pamba cha kutandika kichwani kabla ya kuivaa. Kilemba kinene kifunguliwe kwanza, maana hukizuia kichwa kuingia. Mtoto naye ana kichwa chake: helmeti ya mtu mzima humzunguka na kumziba macho. Mzazi anayelazimika kumpakia mtoto amtafutie inayomwenea.

Nyumbani, bitana ifuliwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, ianikwe kivulini. Petroli, mafuta ya taa na rangi visiiguse kofia, maana huweza kulidhoofisha ganda na kuyayeyusha mapovu. Isiwekwe karibu na jiko, wala isifanywe kiti au chombo cha kubebea mayai. Watengenezaji wengi hushauri ibadilishwe baada ya miaka mitano hivi.

Bei yake ni mzigo kwa kijana anayekusanya nauli ndogo ndogo, hilo halikanushiki. Lakini gharama ya upande wa pili na ihesabiwe. Kituo cha afya cha Bugoye chaweza kusafisha kidonda na kufunga mfupa. Anayevuja damu ndani ya fuvu huhitaji kupelekwa hospitali kubwa, pengine hadi Mulago, Kampala, zaidi ya kilomita 300, na saa zinazopotea njiani hazirudi. Akipona nusu, akawa hawezi tena kusema vema wala kushika jembe, mkewe na watoto ndio watakaobeba maisha yake yote yaliyosalia, na pikipiki itauzwa kulipa deni.

Jioni, pikipiki zinaposhuka kutoka Nyakalengija na Bugoye kuelekea tambarare, mteremko huzibeba zenyewe na dereva huona kama njia inamsaidia. Hapo ndipo inapofaa kusimama kidogo kabla ya kuanza, dereva na abiria kila mmoja akautazama ukanda wa mwenzake, akauvuta, ndipo safari iendelee.