Walivyotusifu Zamani

Nilipokuwa binti mjini Dodoma, miaka ya tisini, sifa ya kwanza ya msichana ilikuwa rangi. Mweupe aliitwa mzuri hata kabla hajafungua mdomo. Sisi weusi tuliambiwa tuna roho nzuri. Dawa ya hilo iliuzwa sokoni: mkorogo, krimu zilizochanganywa na kutiwa kwenye vikopo visivyo na jina. Dada mmoja mtaani kwetu alijipaka hadi uso ukawa wa manjano, vidole vikabaki vyeusi vilevile. Habari za zebaki na haidrokwinoni, na kwamba vipodozi hivyo vimepigwa marufuku, tulikuja kuzisikia redioni baadaye sana.

Bibi yangu wa Chamwino alitucheka. Yeye alikuwa na alama ya mviringo kwenye paji la uso, ndewe za masikio zimetanuka, na kijijini alijulikana kwa muheme, ngoma ambayo wanawake wa Kigogo huibana kwa mapaja. Mpigaji akipotea, wachezaji wote wanajua, na uzuri wa sura haumwokoi. Lakini nisimpambe mno. Naye alihesabiwa ng'ombe, akaozwa mara tu kifua kilipoanza kujaa. Wazee waliutazama mwili wakasema amekua, basi. Tena hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi, ilhali mvulana alitakiwa kufikisha 18.

Nikaja kuwa mwalimu wa sekondari. Wasichana wetu hunyoa nywele kwa kanuni ya shule, na wengi hawakuthubutu kwenda mjini Jumamosi bila kitambaa kichwani. Mwaka 2007 Flaviana Matata akatwaa Miss Universe Tanzania akiwa na upara. Vitambaa vikavuliwa! Nilifurahi nusunusu, maana bado zilikuwa sifa za sura.

Furaha kamili niliipata siku tulipowapeleka Bungeni, enzi za Anne Makinda, aliyekuwa Spika mwanamke wa kwanza nchini, kati ya 2010 na 2015. Njiani kwenda, ubishi ndani ya basi ulikuwa nani sare imemkaa. Tuliporudi walikuwa wanaendesha kikao chao kwenye viti vya nyuma. Kitoto kimoja chembamba, ambacho darasani hakikunyoosha mkono, kikapaza sauti: waliosema ndiyo wameshinda!

Mwaka 2016 Rebeca Gyumi, mzaliwa wa hapahapa Dodoma, aliishinda serikali Mahakama Kuu kuhusu vile vifungu vya umri wa kuolewa, na Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo mwaka 2019. Wanafunzi wangu waliisoma kesi hiyo kwa hamu kuliko riwaya yoyote niliyowapa.

Mahakamani yamekwisha, nyumbani bado. Siku hizi simu inaing'arisha ngozi pichani bila mkorogo, na binti akirudi likizo bado anapokewa kwa kupimwa: umenenepa, umekonda, umekuwa mweusi. Mashangazi zangu, likizo ijayo muulizeni kwanza anasoma nini.