Vivuli vya Lamu: Safari na Mtoto Mwenye Ukurutu

Mji wa Lamu ulijengwa na watu waliolijua jua. Anayeshuka gatini na kuiacha nyuma njia ya ufukweni, akapenya vichochoro hadi Usita wa Mui, huhisi mabadiliko mwilini kabla hajayatambua kwa macho. Kuta nene za mawe ya matumbawe, zilizokandikwa chokaa, zimepanda ghorofa mbili au tatu pande zote, na njia iliyo kati yake ni nyembamba kiasi kwamba punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu. Mahali pengine wikio, yaani chumba kilichovushwa juu ya njia ili kuunganisha nyumba mbili, hukifunika kichochoro kabisa. Jua huingia humo kwa muda mfupi tu wa mchana, na hata likiingia huingia kwa vipande. Mwaka 2001 UNESCO iliuweka mji huu katika orodha ya urithi wa dunia, na wageni wengi huja kuitazama milango yake iliyochongwa. Sisi tulikuwa na haja nyingine pia: tulitafuta mahali ambapo mtoto wetu angeweza kucheza nje.

Ana umri wa miaka sita, na tangu uchangani ana ukurutu, maradhi ambayo wengi wetu tunayaita eksima. Likizo zake nyingi amezipitisha ndani, akiwachungulia wenzake dirishani. Kwake jua la mchana huleta jasho, jasho huleta mwasho, na mwasho huleta usiku mzima wa kujikuna hadi shuka likaingia damu. Katika jambo hili jamaa walikuwa wamegawanyika. Bibi yake alisema, "Mpelekeni baharini wanangu, maji ya chumvi yatamponya." Ami yake aliona heri afungiwe ndani mpaka akue. Wote wawili walisema kwa mapenzi, na kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli.

Yafaa tueleze kwanza hali ya ngozi hiyo. Ngozi yenye afya ni kama ukuta uliojengwa vizuri: chembe zake ni mawe, na mafuta yaliyo kati yake ni chokaa inayoyashika. Kwa mwenye ukurutu chokaa hiyo ni haba. Maji ya mwilini hutoka upesi, ngozi hukauka na kupasuka, na vitu vya nje kama vumbi, sabuni na manukato hupenya na kuuchokoza mwili. Maradhi haya hayaambukizi kwa kugusana, wala hayatokani na uchafu. Mara nyingi hutembea katika ukoo pamoja na pumu na mafua ya mzio. Watoto wengi hupata nafuu kadiri wanavyokua.

Kwa watoto wetu weusi na wa maji ya kunde kuna jambo la kuzingatia zaidi. Vitabu vingi vinasema ngozi yenye ukurutu huwa nyekundu, lakini kwa watoto wetu wekundu huo mara nyingi hauonekani: ngozi huwa na rangi ya zambarau, kijivu au nyeusi zaidi, ikakwaruza kwa mkono. Ukurutu ukipoa huacha mabaka, na jua huyazidisha weusi yale yaliyo meusi. Mashavuni hutokea mabaka mepesi meupe ambayo wengine huyadhania choa. Kadiri uso unavyopigwa na jua, ndivyo yanavyojitokeza zaidi kwa sababu ngozi iliyoyazunguka hukoza rangi. Weusi wa ngozi ni kinga kweli, lakini kinga hiyo ina mpaka, na ngozi iliyochanika haina budi kusaidiwa.

Tulisafiri mwezi wa Agosti, wakati wa kusi. Katika basi kutoka Mombasa tulichagua viti vya upande wa kushoto, kwa kuwa asubuhi jua huwa kuliani kwa anayekwenda kaskazini. Kioo cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya mionzi inayounguza, lakini huipitisha ile inayozama ndani zaidi ya ngozi. Kwa hiyo tulitundika leso dirishani hata baada ya njia kugeuka. Mokowe tulipanda mashua ya injini yenye turubai, tukamketisha mtoto katikati.

Humo mashuani ndimo tulimofahamu hila ya kusi. Upepo ulikuwa wa baridi, mawingu yalipita, na abiria mmoja akatuambia hakuna haja ya kumfunika mtoto siku kama ile. Lakini mionzi ya urujuanimno, ambayo ndiyo inayodhuru ngozi, haina uhusiano na joto tunalolihisi. Hupita katika mawingu mepesi, na upepo wa baridi hauipunguzi hata kidogo. Lamu iko takribani nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta, na jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Machi na mwishoni mwa Septemba. Shirika la Afya Duniani hupima ukali wa mionzi hiyo kwa kipimo ambacho 3 ni mwanzo wa kuhitaji kujikinga, na 11 kwenda juu ni hatari kubwa mno. Pwani yetu hufika huko mchana kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Basi tulizipanga siku zetu kwa kivuli, na hapo tukajikuta tunafuata kanuni ambayo watu wa mji huu wameijua kwa karne nyingi. Kabla ya saa za ukutani, wakati wa sala ulijulikana kwa kupima kivuli. Adhuhuri huingia jua linapopinduka. Alasiri, kwa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa pwani, huingia pale kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukiondoa kile kivuli kilichokuwapo jua lilipokuwa juu kabisa. Madaktari wa ngozi nao wana kanuni inayokaribiana sana na hiyo: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali, ingia kivulini. Tulimfundisha mwanetu kanuni hiyo, naye akaifurahia kama mchezo. Asubuhi kabla ya saa tatu alikuwa na kivuli kirefu kuliko yeye, akacheza. Kivuli kilipofupika alirudi mwenyewe bila kuitwa. Baada ya sala ya alasiri, saa tisa na nusu na dakika zake, alitoka tena. Wakati huo jua limepungua makali, ingawa halijaisha, hivyo nguo na kofia havikuvuliwa.

Saa za katikati tulizipitisha mjini. Mtoto alikaa kwenye baraza za daka, mahali pa kupokelea wageni mbele ya mlango, akacheza bao na watoto wa jirani. Tulikaa pia Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome, ambao jina lake lilitokana na mkungu. Tuliona kwamba kivuli cha ukuta mnene na cha mti wenye majani mengi ni bora kuliko cha mwavuli mmoja katikati ya mchanga mtupu, kwa sababu mionzi haitoki juu peke yake. Mchanga mkavu wa ufukweni huirudisha juu kwa kadiri ya asilimia 15, na povu la mawimbi asilimia 25. Mtoto aliye chini ya mwavuli ufukweni bado anapigwa kutoka chini na kutoka pembeni.

Kuhusu mavazi, tulikuwa na hazina ambayo watu wa nchi nyingine huinunua kwa bei kubwa. Kanzu ya pamba, pana, yenye mikono mirefu, huzuia jua na kupitisha hewa. Kitambaa kilichofumwa kwa kubana hukinga zaidi kuliko chepesi chenye matundu. Ukikiinua mbele ya taa na ukaona mwanga mwingi, basi jua nalo litapita. Pamba ikilowa hupunguza kinga yake, kwa hiyo anayeoga baharini na fulana abadilishwe atokapo majini. Sufu na vitambaa vinavyokwaruza tuliviepuka, na nguo mpya tulizifua kabla ya kuvaliwa. Kofia ya kushonwa kwa mkono, fahari ya visiwa hivi, husitiri utosi lakini haina ukingo. Masikio, shingo na pua hubaki wazi. Kwa ufukweni tulimtafutia kofia ya pama ya ukili, na ndani yake tukatia kitambaa cha pamba ili miyaa isimkwaruze paji la uso.

Krimu ya kukinga jua huja mwisho, kwa zile sehemu ambazo nguo haifiki: uso, masikio, shingo, viganja kwa upande wa nje na nyayo kwa upande wa juu. Kwa ngozi ya ukurutu hufaa zaidi ile yenye madini ya zinki oksidi au titani dioksidi, ambayo hukaa juu ya ngozi, na ambayo mara nyingi haiwashi kama nyingine. Iwe haina manukato, iwe na kipimo cha SPF 30 au zaidi, na ikinge mionzi ya aina zote mbili, yaani UVA na UVB. Siku chache kabla ya safari tuliipaka kidogo upande wa ndani wa mkono tukangoja kuona kama itamdhuru. Kila asubuhi tulimpaka kwanza mafuta yake ya kulainisha ngozi, tukasubiri nusu saa yaingie, ndipo tukatia krimu, nayo tukairudia kila baada ya saa mbili na kila alipotoka majini. Haipakwi juu ya kidonda kibichi. Hapo hufunikwa kwa nguo. Mtoto aliye chini ya miezi sita hukingwa kwa kivuli na nguo. Mafuta ya nazi, tunayoyapenda sote, hayana kinga ya kutosha dhidi ya jua.

Tahadhari moja inatuhusu hasa watu wa pwani. Watoto hupenda embe mbichi kwa chumvi na ndimu. Maji ya ndimu yakikauka mikononi au mdomoni, kisha yakapigwa na jua, huunguza ngozi, yakaleta malengelenge na mabaka meusi yanayodumu wiki nyingi. Jambo hili humpata hata mtoto mwenye ngozi salama. Mikono na midomo ioshwe kabla ya kutoka nje. Liwa na manukato mengine nayo tuliyaweka kando, kwa kuwa harufu nzuri mara nyingi huwa adui wa ngozi iliyopasuka.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, tulimpeleka Shela. Swali la bibi lilikuwa linangoja jibu. Maji ya bahari huwafaa baadhi ya wenye ukurutu, na kwa wengine huuma kila mahali palipochanika. Tulimwacha atie miguu kwanza. Nyuma ya magoti palimuuma kidogo, akaguna, kisha akaendelea mpaka kiunoni. Aliogelea robo saa. Tulikumbuka kwamba maji hayamfichi mtu na jua: hata nusu mita chini yake bado hubaki asilimia 40 ya mionzi iliyoko juu. Alipotoka tulimwosha papo hapo kwa maji matamu tuliyokuja nayo katika dumu. Maji hayo yanatoka katika ardhi ileile tuliyosimama juu yake, kwani vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyohifadhi maji ya mvua yanayotumiwa na mji. Tulimkausha kwa kumgusagusa na taulo bila kumsugua, tukampaka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu.

Usiku ule alijikuna kidogo kabla ya kulala, kisha akalala hadi alfajiri. Hatusemi kwamba amepona. Wiki moja baadaye, nyumbani, viwiko vilimwasha tena, tukatumia dawa ya daktari kama tulivyoelekezwa. Lakini mtoto huyu sasa anajua kwamba bahari ni yake pia, na anajua saa zake.

Wazazi wenzetu, tunawaomba mambo mawili. La kwanza, dawa ya mtoto isikatizwe kwa sababu ya safari, wala isibadilishwe kwa krimu za kuchanganya zinazouzwa bila maandishi ya kilichomo ndani. Nyingi huwa na dawa kali zinazodhoofisha ngozi. Ngozi ikitoa usaha au ukoko wa manjano, mtoto akipata homa, au yakitokea ghafla malengelenge mengi yenye maumivu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. La pili linatuhusu sote kama jamii. Katika gwaride la shule, katika zefe za Maulidi, katika viwanja vya madrasa, wamo watoto wanaosimama juani huku ngozi zao zikiwaka, nao huona haya kusema. Mwalimu anayemruhusu mmoja wao kusimama kivulini, kuvaa mikono mirefu na kunywa maji hapotezi nidhamu yoyote. Panapokosekana mti, upandwe. Mkungu haukawii sana kutoa kivuli, na watakaoketi chini yake watakuwa watoto wa kila mtu.