Saini ya Baba



Sisi akina mama tunaokutana kwa darsa kila Alhamisi baada ya Alasiri huletewa mambo mengi: ndoa zinazoyumba, mirathi isiyogawanywa, wana waliochoka na masomo. Lakini miaka hii ya karibuni limezidi jambo moja ambalo zamani hatukulisikia sana. Ni la kijana aliyefaulu mtihani wa KCSE, chuo kikuu kikamwita, naye hana mzazi wa kusimama naye. Si yatima. Yatima tunamjua, na haki yake tumefunzwa tangu madrasa. Huyu wazazi wake wako hai, pengine baba ana duka na nyumba za kupangisha, ila baina yao pameingia ufa na hawasemezani.

Sababu za ufa huo ni nyingi. Yuko binti aliyekataa posa ya mtu asiyemridhia, akaambiwa achague baina ya mume na nyumba ya babake. Yuko kijana aliyesilimu, jamaa zake wakamtoa nje na nguo zake. Yuko mtoto wa talaka aliyelelewa na bibi, babake akahamia mji mwingine na kuoa huko, asimuulizie tena. Majina yao hatuyataji, kwa kuwa sitara ni amana. Wala hatuandiki kuamua nani alikosa. Tunaandika kueleza tuliloliona kwa macho yetu: mwana wa namna hii hukosa saini kabla hajakosa pesa.

Tuanze na mambo yanavyokwenda. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la HELB, iliundwa kwa sheria mwaka 1995. Tangu mwaka 2023 serikali imeleta mfumo mpya ambao ndani yake gharama ya masomo hugawanywa mafungu matatu: ufadhili usiolipwa, mkopo unaolipwa, na sehemu ya familia. Mwanafunzi hujaza maombi mtandaoni, akaulizwa habari za wazazi wake, vitambulisho vyao na kazi zao, kisha akawekwa katika kundi lake; mwaka 2024 makundi hayo yalikuwa matano. Kundi la kwanza lilikuwa la wahitaji zaidi, na familia ilitarajiwa kutoa asilimia 5. Kundi la tano lilikuwa la wenye uwezo, na familia ilitarajiwa kutoa asilimia 40.

Kwa nyumba iliyotulia, hesabu hiyo ina maana. Lakini fomu haina mahali pa kuandika kwamba baba yupo na hayupo. Aliyefiwa huambatisha cheti cha kifo, na mambo yakaeleweka. Aliyetupwa hana cheti cha kutupwa.

Binti yule aliyekataa posa alijaza ukweli mtupu: jina la baba, kitambulisho chake, biashara yake. Akawekwa kundi la nne, ambalo sehemu ya familia ilikuwa asilimia 30. Tuchukue mfano wa masomo ya shilingi 200,000 kwa mwaka. Angelikuwa kundi la kwanza, familia ingelitakiwa kutoa shilingi 10,000. Kwa kundi la nne ni shilingi 60,000. Tofauti hiyo ya shilingi 50,000 ni gharama ya mali ambayo yeye haigusi, ya baba ambaye hata salamu zake hapokei. Na hapo hatujahesabu chakula, chumba wala nauli.

Kisha likaja la wadhamini. Mkopo hutaka watu wa kumdhamini mwombaji, na kwa kawaida wazazi ndio huweka saini. Yeye alibisha milango ya ami zake wawili. Mmoja alisema hataki kugombana na nduguye. Wa pili alisema deni likikaa bila kulipwa litamfuata yeye. Hofu hiyo haikuwa ya bure, kwani mdhamini ni mtu aliyekubali dhima. Lakini tulijiuliza: ikiwa kila mmoja wetu ana udhuru, huyu mwana ataegemea wapi?

Katika darsa yetu palikuwa na maneno. Wapo waliosema kumsaidia ni kumpa nguvu ya kumuasi babake, na kwamba kesho kila binti atakataa posa akijua akina mama watamlipia ada. Maneno hayo tuliyasikiliza kwa heshima, kwa kuwa haki ya wazazi ni nzito na hakuna Muislamu anayeichezea. Mwalimu wetu ndiye aliyetutoa njia panda. Alisema ridhaa ya mwanamke katika ndoa yake ni jambo la sheria, si utovu wa adabu; na kwamba kuunga udugu si kumwacha mmoja akaangamia ili mwingine aridhike. Tukakubaliana mambo mawili. La kwanza, tungemshika binti aendelee kumtumia babake salamu, na siku ya Idi ampelekee mkono wa heri hata kama mlango hautafunguliwa. La pili, hatungefanya suluhu kuwa sharti la ada. Masomo yana tarehe, na nyoyo hazina.

Basi tukaanza kukusanya ushahidi. Shangazi yake, dada mkubwa wa baba, alikubali kusema wazi kwamba binti anaishi kwake na hapewi matumizi na babake. Imamu wa msikiti wa mtaa aliandika barua. Chifu naye, baada ya kuuliza majirani, aliandika yake. Mwalimu mkuu wa shule ya upili alieleza ni nani aliyelipa karo ya miaka miwili ya mwisho. Binti mwenyewe aliapa hati ya kiapo mbele ya wakili. Yote hayo yaliambatishwa kwenye ombi la kutaka kundi lake liangaliwe upya, kwani mwanafunzi asiyeridhika ana nafasi ya kuomba hivyo. Jibu lilichelewa hadi muhula ulipokwisha kuanza. Hakurudishwa kundi la kwanza, bali la tatu, la asilimia 20. Kwa mfano wetu ule ni shilingi 40,000. Si yote tuliyotaka, lakini ni mlima uliopungua.

Kuhusu mkopo wenyewe palikuwa na dhiki nyingine, ya dini. Mkopo huo wa HELB hutozwa asilimia 4 kwa mwaka, na familia nyingi za pwani hujiepusha nao kwa kuogopa riba. Mwenye baba wa kumlipia huweza kujiepusha. Asiye naye huambiwa achague baina ya wasiwasi wa dini yake na kukosa chuo. Hapa si mahali pa kutoa fatwa, na tulimwelekeza kwa shekhe anayemwamini. Ila tulijiambia kwamba jamii inayomkanya mwana asikope kwa riba ina wajibu wa kumwonyesha mlango mwingine, japo mwembamba.

Mlango wa kwanza ni zaka. Mafungu manane ya wanaostahiki yametajwa katika Suratut-Tawba, aya ya 60, na mafakiri na masikini ndio wa mwanzo. Tatizo ni kwamba wagawaji wetu huuliza swali lile lile la fomu: babake ni nani? Wakisikia jina la mfanyabiashara, hufunga daftari. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafi, anayehesabiwa kuwa ametoshelezwa ni yule ambaye matumizi yake yanatolewa kweli na jamaa yake. Yasipotolewa, utajiri wa jamaa haumshibishi. Tena Imamu an-Nawawi ameeleza kwamba mwenye kushughulika na kutafuta elimu ya sheria, ikawa kuchuma kutamkatiza na elimu hiyo, anafaa kupewa zaka. Na wapo wanazuoni wa zama zetu wanaoona elimu nyingine zenye manufaa kwa umma nazo ziangaliwe hivyo. Waulizeni mashekhe wenu kabla ya Ramadhani, wala si baada ya zaka kwisha kugawanywa.

Mlango wa pili ni karadha, mkopo usio na nyongeza. Sisi tuko wanawake 18. Tulikubaliana kila mmoja atoe shilingi 500 kwa mwezi, na kwa mwaka zikawa shilingi 108,000. Fedha hizo hatuzitoi sadaka. Tunazikopesha, zirudi pole pole baada ya masomo, zimfae mwingine. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Binti yetu alipata humo kilichobaki katika sehemu ya familia. Basari ya wadi iliongeza kidogo, na ofisi inayoshughulikia maslahi ya wanafunzi chuoni ikampa kazi ya saa chache katika maktaba. Vyuo vingi vina nafasi za namna hiyo, ila huwafikia wanaouliza mapema.

Liko pia la mahali pa kusoma. Tangu mwaka 2013 pwani yetu ina Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, vyote vyenye hati kamili. Kwa mwana asiye na wa kumtumia pesa za chumba, kusoma karibu na shangazi au bibi ni msaada mkubwa, na huweza kuamua kama atamaliza au atakatiza.

Wapo waliotuuliza kuhusu sheria. Ni kweli kwamba Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inaipa mahakama uwezo wa kurefusha wajibu wa mzazi baada ya mtoto kutimiza miaka 18, pakiwa na hali maalumu. Ni vyema kila mama aliyeachwa na wana alijue hilo. Hatulihimizi kuwa hatua ya kwanza, kwa kuwa mwana akishamshitaki babake, ufa huwa bonde. Lakini baba naye ajue kwamba kufunga mlango wa nyumba hakufungi kila mlango.

Ndugu zetu, tunaomba mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kila mama aweke nakala za cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, za vitambulisho na za risiti za karo, hata nyumba ikiwa na amani, kwani talaka haibishi hodi. Kila msikiti uwe na watu wawili au watatu wanaoaminika, wanaojulikana kuwa wako tayari kuandika barua na kusimama wadhamini. Shangazi na ami wasisubiri ugomvi wa wakubwa wao uishe ndipo waseme wanalolijua. Na anayedhaminiwa ashike ahadi yake, maana asiyelipa humfungia mlango anayemfuata.

Mama mmoja wa darsa yetu, muuza viazi vya karai, ndiye aliyeweka saini ya kwanza ya udhamini. Alipoulizwa kama haogopi, alisema, "Naogopa. Lakini mimi sikupata mtu wa kuniwekea yangu."

Twamuomba Mwenyezi Mungu aziunge nyoyo za wazazi na wana wao, awafungulie wanaosoma milango ya kheri, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoifungua. Wabillahi tawfiq.