Barua Ambayo Dada Hakutia Saini

Mwaka 2015 tulirudi kazini kutoka chuoni, wauguzi watatu wa wodi moja ya wazazi, kila mmoja na stashahada yake ya uuguzi ndani ya bahasha ya kaki. Sote tulikuwa tumeajiriwa kwa cheti, sisi wawili tangu mwaka 2007, na dada yetu mkubwa tangu mwaka 1990, wakati sisi tungali watoto wa shule ya msingi. Ruhusa ya kwenda masomoni tulipewa kwa maandishi. Waume zetu walikuwa wamepika uji na kuwaandaa watoto kwenda shule muda wote ule, nasi tuliwaahidi kwamba tukirudi hali ya nyumbani itabadilika.

Haikubadilika. Mama mpendwa, kama hujawahi kufanya kazi serikalini yafaa tukueleze kidogo. Mshahara haufuati cheti ulichokiweka kabatini, bali hufuata cheo kilichoandikwa katika barua yako, na kila cheo kina muundo wake. Mwenye cheti huanza akiwa Muuguzi Daraja la II, ngazi ya mshahara TGHS A. Mwenye stashahada huitwa Afisa Muuguzi Msaidizi, naye huanzia TGHS B. Ukiipata stashahada ukiwa kazini, huvuki peke yako. Sharti mwajiri akubadilishie kada, na ili akubadilishie sharti nafasi yako iwe imetengwa katika ikama na bajeti ya mwaka wa fedha, ambao huanza tarehe 1 Julai. Matayarisho yake hufanyika miezi mingi kabla. Sisi tulipeleka maombi mwezi Agosti, tukaambiwa tumechelewa. Tulidhani tumechelewa mwezi mmoja, kumbe ni mwaka mzima.

Na mwaka huo ulipokuja, ulikuwa 2016. Serikali ilisimamisha ajira mpya na upandishaji wa vyeo ili kuwahakiki watumishi hewa. Kisha ukafuata uhakiki wa vyeti, na mwezi Aprili 2017 yakatangazwa majina ya watumishi zaidi ya 9,900 wenye vyeti vya kughushi. Vyeti vyetu vilikuwa halali, lakini uhalali huo haukutusogeza hata hatua moja.

Wakati huo wodini walikuwapo wasichana walioajiriwa moja kwa moja na stashahada. Sisi ndio tuliowaonyesha namna ya kuupata mshipa wa mtoto mchanga, na mwisho wa mwezi walipokea zaidi yetu. Hawakuwa na kosa lolote. Hata hivyo, kuna siku tulikaa kimya kwa makusudi walipouliza jambo.

Usiku mmoja mama alivuja damu nyingi baada ya kujifungua. Daktari aliitwa, dripu ikawekwa, sindano ya oksitosini ikachomwa, na mmoja wetu akawa anaukanda mfuko wa uzazi ili ujikaze. Katikati ya shughuli hiyo akasema kwa sauti, "Hii si kazi ya TGHS A." Mama yule alisikia. Hakujua TGHS ni kitu gani, lakini alijua kwamba mikono iliyokuwa juu ya tumbo lake ilikuwa ya mtu mwenye hasira. Alipona, akaenda nyumbani na mwanawe. Hatutataja ni nani kati yetu aliyesema, maana mwingine hakumkemea.

Mwaka 2018 tuliandika barua ya pamoja kwa mwajiri, na nakala kwa chama cha wafanyakazi. Tuliichapa vizuri, tukaacha nafasi tatu za saini. Dada aliisoma mara mbili, akairudisha mezani. "Wadogo zangu, mimi sitii saini."

Hatukumwuliza kwa nini. Tulidhani ameogopa, au ameahidiwa kitu. Chai ya saa nne tulianza kuinywa wawili. Jumamosi tulikuwa tukiwafundisha akina mama wa usharika wetu namna ya kupatana na wifi na mama mkwe, na Jumatatu tunampita dada mlangoni kwa salamu ya haraka. Hali hiyo iliendelea karibu miezi minne.

Siku moja yeye mwenyewe alitukalisha, akageuza karatasi ya kalenda ya zamani, akaandika hesabu nyuma yake. Alikuwa tayari Muuguzi Mwandamizi, na mshahara wake ulikuwa umepita pale TGHS B inapoanzia. Akibadilishiwa kada angeanza upya Daraja la II. Asingepunguziwa, angebaki na kile kinachoitwa mshahara binafsi, lakini ungesimama palepale mpaka cheo kipya kiufikie. Alibakiwa na miaka mitano tu kabla ya kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55. Mafao ya uzeeni hukokotolewa kutokana na mshahara. Barua iliyotufungulia sisi mlango ingeufunga wa kwake. Alikuwa amekwenda chuoni pamoja nasi, akafaulu, na karatasi ile haikumfaa kitu. Tulitazama hesabu ile bila kupata la kusema.

Kisha ofisini walituambia kwamba barua zetu za ruhusa ya masomo hazionekani katika majalada. Tulizokuwa nazo nyumbani zilikuwa zimepotea wakati wa kuhama nyumba. Dada alikwenda kwake, akarudi na mfuko wa plastiki wenye nakala za kila barua tangu mwaka 1990, na ndani yake nakala za ruhusa zetu zote tatu, kwa kuwa yeye ndiye aliyetumwa kuzichukua siku ile. "Nilikataa kutia saini," alisema. "Sikukataa kuwasaidia."

Katika sherehe ya Mei Mosi mwaka 2021 jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alisema watumishi watapandishwa vyeo. Barua zetu za kubadilishiwa kada zilitoka baadaye mwaka huo. Zilihesabu kuanzia tarehe ya barua, si tangu mwaka 2015. Mume wa mmoja wetu alichukua kalamu akaanza kupiga hesabu ya miaka ile sita, akafika katikati, akaiweka chini.

Dada alistaafu mwaka 2023 akiwa Muuguzi kama alivyoanza. Mfuko wake alituachia sisi, akatoa tu barua zake mwenyewe. Sasa una nakala za wasichana watatu wa wodini waliokwenda kusoma shahada, na kila mmoja tulimwambia apeleke maombi yake mapema.

Madai ya ile miaka sita hatujayaacha. Barua ya mwisho tuliipeleka mwezi Oktoba, kabla bajeti haijafungwa.