Daftari la Mkandaji, Makindu

Jumatatu, 3 Machi 2025
Chumba nimekipata nyuma ya duka la dawa. Kelele za malori ya barabara ya Mombasa hazikomi, lakini hakina ngazi, na mgonjwa wa kansa aliyetoka kemo juzi hata ngazi tatu humshinda. Mafuta nimenunua yasiyo na harufu. Tumbo lililochafuka halitaki marashi.

Alhamisi, 13 Machi
Msusi wa vyondo, ameletwa na bintiye. Alikatwa titi la kushoto, akatolewa na tezi za kwapa. Kemo imemwachia ganzi vidoleni: akisokota katani hajui kama uzi umekaza mpaka autazame. Binti ananiuliza kando kama kukanda hakutasambaza kansa. Nikamwambia hakuna ushahidi kwamba mkono wa taratibu huisambaza, ila penye uvimbe wenyewe sigusi, wala ngozi iliyochomwa na mionzi.

Mkono wa kushoto umevimba, pete haipiti. Huo nikauacha kabisa; tezi zikishatolewa, maji ya mwili hupita kwa shida, na kukanda kwa nguvu huweza kuongeza balaa. Nikashika wa kulia, kisha nyayo, kama anayempaka mtoto mchanga mafuta.
“Mbona hunikandi?”
“Ndiyo kukanda kwenyewe, Mwaitu.”
Kabla sijafika mguu wa pili alikuwa anakoroma. Kuhusu ganzi sikumwahidi kitu.

Jumamosi, 22 Machi
Mzee wa kansa ya kibofu na mkewe, kutoka Kibwezi. Muundi mmoja umejaa, una joto, unauma. Sikumgusa. Kansa huifanya damu igande upesi, na bonge likiwa mguuni, kulikanda huweza kulisukuma mapafuni. Nikawaelekeza hospitali ya hapa Makindu, leo hii, si kesho. Mkewe alinuna: nauli yote ile, halafu mkandaji hakandi! Namwelewa. Lakini kazi hii nusu yake ni kukataa, na kukataa hakulipiwi.

Jumatano, 9 Aprili
Hesabu za kodi. Nairobi, Faraja Cancer Support Trust huwakanda wagonjwa bila malipo, lakini wao wana wafadhili. Na mji huu umezoea vya bure: hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926 hulisha wasafiri, hakuna anayeulizwa senti. Mimi mwenye nyumba ananiuliza.

Nimeamua: migongo ya madereva wa malori italipa bei kamili, wagonjwa watoe walicho nacho. Madereva waje jioni, asubuhi niiache kwa wagonjwa, kabla jua halijawa kali. Kesho nibandike saa za kazi mlangoni, nichapishe na fomu ya maswali ya afya kwa wagonjwa, kwa Kikamba.